Kikanisa cha Msituni Leba

Cadette Kavugho alifika Leba akiwa amemkumbatia mumewe kwa nyuma. Dereva wa pikipiki alikaa mbele, Paluku katikati, yeye nyuma kabisa, mikono yake imepita chini ya kwapa za mumewe na kufungana kifuani kwake ili asidondoke. Miguu ya Paluku walikuwa wameifunga kwa vipande vya kikwembe, nguo ya kujifunga, kwenye vyuma vya pikipiki, maana haikuwa inajishika tena. Njia yote kutoka Salamabila ilikuwa matope na magogo. Kila pikipiki iliporuka, Cadette alisubiri mumewe apige kelele. Hakupiga. Miguu ile haikuwa inasikia hata maumivu.

Shimo la dhahabu lilikuwa limemwangukia Paluku. Yeye na mdogo wake Katembo walikuwa chini wakivunja jiwe, wakasikia udongo wa juu ukikohoa, na kabla hawajageuka ukashuka. Katembo alikuwa karibu na mlango, akasalimika. Alirudi ndani peke yake huku wenzake wakimshika nguo na kumkataza, akamfukua kaka yake kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, kwa sababu alikuwa bado anamsikia akiita jina lake chini ya udongo. Paluku akatoka mzima, kasoro mgongo. Hospitalini walimweka wiki kadhaa, wakamrudisha nyumbani. Ndipo jirani mmoja akamwambia Cadette, "Mupeleke Leba, mama. Kule mayi inatoka chini ikiwa ya moto. Watu wanapona."

Leba si jina la ukoo wala la mto. Zamani, wakati wa Wabelgiji, kampuni ya madini ilijenga pale bafu kubwa la vigae kwa ajili ya wazungu wake wenye maumivu ya viungo. Wakapaita *les bains*, yaani mabafu, na wenyeji wakatamka kama walivyosikia. Wazungu waliondoka, vigae vikang'olewa kimoja kimoja vikaenda kupamba makaburi na vibaraza vya watu, lakini maji hayakuondoka. Yanachemka kutoka kwenye jiwe, yananuka kama yai lililooza, na watu wanakuja kutoka Wamaza, Kabambare, hata Kasongo, wanabebwa kwenye machela, kwenye baiskeli, migongoni. Mji mdogo umeota kandokando yake: maduka, msikiti, soko la samaki wa kukauka, na nyumba za vyumba vya kupangisha wagonjwa.

Mwenye moja ya nyumba hizo alikuwa Mama Aziza, mjane wa makamo aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya Kasongo. Kazi yake ilikuwa kusugua wagonjwa ndani ya maji. Alikuwa na mikono mipana kama ya mwanaume na sauti ya kuamrisha. Siku ile ya kwanza alimtazama Paluku aliyekuwa amelazwa kwenye kibaraza, akamwinua mguu, akauachia, ukaanguka. Alimvuta Cadette pembeni.

"Nisikudanganye, mwanangu. Mayi hii inalegeza viungo. Mgongo uliovunjika sijaona ukiungana humu."

"Kwa hiyo turudi?"

"Nimesema murudi? Mutakaa. Atakuwa anaoga, atapunguza vidonda vya kulala. Na wewe utapumua kidogo. Unaonekana hujalala tangu mwaka jana."

Cadette akalia pale pale, mbele ya mtu asiyemjua, kwa mara ya kwanza tangu shimo lile lianguke.

Jumapili aliuliza Wakatoliki wanasali wapi. Mama Aziza akacheka. "Parokia iko mbali, utakufa njiani. Lakini kuko shapeli. Jifunge kikwembe vizuri, nikupeleke. Ni babu yangu aliijenga."

"Babu yako alikuwa Mkristo?"

"Nani? Babu Atumani? Asingekusamehe."

Njia ilianzia nyuma ya chemchemi, ikaingia chini ya miti mikubwa ambapo mchana unafanana na jioni. Kikanisa kilikuwa huko ndani, si mbali, lakini sauti za soko zilikuwa zimekatika. Kilikuwa kidogo, cha matofali ya kuchoma, mlango mmoja, madirisha membamba, na ukuta wa nyuma uliopinda kama mgongo wa kobe. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, mizizi ilikuwa imeingia sakafuni. Humo ndani mlikuwa na popo, na altare ya matofali yenye majivu juu yake.

Mama Aziza alikaa kwenye kizingiti akasimulia. Wakati ule wa wazungu, alisema, watu weusi waliruhusiwa kuoga chini tu, mahali maji yalipokuwa yamekwishapita kwenye miili ya wazungu na kupoa. Hata hivyo wagonjwa walikuja kwa wingi, na wengi walifia pale bila mtu wa kuwazika. Padri mmoja, Père Hippolyte, akaanza kuwazika msituni. Baadaye akataka pawe na nyumba ya kuwaombea, iliyo kwenye kivuli, mahali ambapo mtu mwenye homa anaweza kulala chini akasikia baridi. Hakukuwa na mwashi aliyemzidi Atumani wa Kasongo. Atumani alikwenda kwanza kuuliza wazee wake msikitini kama ni halali. Wakabishana. Mwishowe mmoja akamwuliza, "Wanaozikwa pale ni nani?" Akajibu, "Ni watu wa kila namna, na baadhi yao wetu." Basi akaja. Alichoma matofali mwenyewe. Saa ya kuswali ilipofika alitandika mkeka nje, akaswali, akarudi kwenye ukuta.

"Wakati wa uasi, baada tu ya uhuru, padri akakimbia, askari wakachoma paa," Mama Aziza alisema. "Babu akarudi kuezeka. Hakuna mtu aliyemwita. Kisha vita vingine hivi vya juzi. Watu walijificha humu, wengine wakazalia humu. Mimi mtoto wa mdogo wangu amezaliwa pale, kando ya altare. Toka hapo hakuna aliyeshika hata fagio."

Cadette alishika fagio. Kwanza ilikuwa ni namna ya kutoka chumbani, kwa maana Paluku alikuwa amekuwa mkali. Mwanaume yule aliyekuwa akiimba akirudi kazini sasa alitupa sahani ya mboga ya sombe ukutani kwa sababu chumvi ilizidi, halafu akalia kwa aibu. Cadette alikuwa akimwogesha asubuhi, anamlisha, anamgeuza, halafu anakwenda msituni kukata mizizi na kufukuza popo. Anarudi na vumbi kichwani.

"Unakwenda wapi kila siku?" Paluku akamwuliza.

"Kwenye shapeli."

"Iko namna gani?"

Akamwambia. Akamweleza ukuta uliopinda, mlango uliooza, watu wanaokaa chini kwa sababu hakuna benchi. Baba yake Paluku alikuwa fundi wa mbao kule Lubero, na yeye mwenyewe aliacha randa ili kukimbilia dhahabu.

"Nibebe nikaone," akasema.

Wanaume wa mtaani walimbeba kwenye kiti. Tangu siku hiyo walimbeba mara nyingi. Walimketisha chini, mgongo wake ukiegemea ukuta uliopinda, wakamletea mbao, na yeye akapiga randa akiwa amekaa, miguu yake imelala mbele yake kama ya mtu mwingine. Alitengeneza mlango. Alitengeneza mabenchi, mafupi, ya kumfaa mtu mgonjwa. Kazi iliyomchukua fundi mzima siku, yeye ilimchukua wiki, na hakuna aliyemharakisha. Hasira ilimtoka polepole. Siku moja Cadette akiwa nje anapepeta mchele alisikia mumewe akiimba ndani, akaacha ungo, akasimama tu.

Watu wakaanza kurudi. Katekista wa parokia akawa anapita. Wagonjwa walikuja kukaa kwenye mabenchi wakimaliza kuoga, Wakristo kwa Waislamu, kwa sababu humo ndani kulikuwa na baridi nzuri. Hali hiyo ilidumu kama miaka miwili. Cadette akikumbuka maisha yake anaiita ile ndiyo ndoa yao.

Kisha figo zikamshinda Paluku. Alivimba, akaacha kula. Alifariki mchana wa kiangazi, kichwa chake mapajani mwa mkewe, na Mama Aziza akimkanda miguu ingawa kuikanda hakukuwa na faida tena. Walimzika nyuma ya kikanisa, karibu kabisa na ule ukuta aliokuwa akiegemea. Katembo hakufika mazishini. Habari zilimkuta zimechelewa, huko machimboni ndani zaidi.

Cadette hakurudi kwao Lubero. Mwanzoni alisema anasubiri matanga yaishe. Halafu vita vikafunga barabara ya kwao, ndugu zake wakatawanyika, wengine Beni, wengine hakujua wako wapi. Alibaki kwa Mama Aziza akajifunza kusugua wagonjwa. Alfajiri alikuwa majini, mchana alikuwa msituni akifagia. Alikuwa na tabia ya kumsemesha mumewe akifagia upande ule wa kaburi: fulani amepona bega, sabuni imepanda bei, popo wamerudi. Hakuona kuwa ni ajabu. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia kwa lugha ya kwao.

Kijito kinachotoka msituni ndicho kilicholeta balaa. Mtu aliosha mchanga wake akapata dhahabu. Haukupita muda vijana wakaja na nyundo na burini, patasi za kuvunjia mawe, wakajenga vibanda vya turubai, na kiongozi wao akawa Clovis, mwenye mashimo, ambaye wachimbaji walimwita pedeje kama wanavyowaita wote wenye mashimo. Kati ya vijana hao alikuwemo Katembo.

Alikuja kumsalimia shemeji yake jioni ya siku aliyofika. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi mapema. Cadette alimpikia ugali na samaki. Hakula. Aliomba apelekwe kaburini, akapiga magoti pale akakaa mpaka Cadette akamshika bega.

"Shemeji, mushipa wa jiwe la dhahabu unaelekea huku," Katembo akasema walipokuwa wakirudi. "Clovis anasema unapita chini ya shapeli. Lakini nimemwambia, pale kuko kaka yangu. Tutazunguka."

"Ameitika?"

"Ameitika mbele ya watu."

Cadette alimwamini. Alikuwa ni mtu aliyerudi ndani ya shimo.

Msimu wa mvua ulipoanza, adhuhuri moja Cadette alikuwa amepiga magoti kwenye benchi la mbele, anasali rozari yake peke yake, akasikia kitu kikigonga. Alidhani ni kigogota mtini. Akanyamaza. Sauti haikutoka juu. Aliinama, akaweka kiganja sakafuni, na kila pigo la nyundo likamgusa mkononi, mbali, chini, taratibu, kama mtu anayebisha hodi asijue mwenye nyumba amekaa wapi. Alijisogeza kwa magoti mpaka ukutani. Huko ndiko ilikosikika zaidi.

Alikwenda kwenye vibanda na tope miguuni. Katembo alikuwa amekaa nje ananoa burini. Alipomwona uso akajua.

"Mulisema mutazunguka."

"Shemeji..."

"Wewe ulisema."

"Clovis amebadilisha. Mushipa umekuwa munene. Mimi siko mutu wa kuamuru, niko mufanyakazi. Nikitoka, ataweka mwengine, na huyo hatajua kaburi liko wapi. Mimi nikiwa mule angalau ninaangalia."

"Unaangalia nini? Unamuchimba kaka yako!"

Katembo aliangalia chini. Clovis alitoka kwenye kibanda, kijana mwenye adabu, akamwita mama, akamwambia kwamba wakuu wameshakubali, kwamba watamjengea kanisa jipya la mabati barabarani, na kaburi wanaweza kulihamisha kwa heshima. Cadette alirudi nyumbani, akamweleza Mama Aziza.

"Wachimbaji wanaogopa nini?" Mama Aziza akauliza.

Cadette alifahamu. Aliishi Salamabila miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuwahi kukaribia mlango wa shimo la mumewe. Mwanamke akifika mlangoni, dhahabu inakimbia. Hivyo ndivyo wanavyoamini, na mchimbaji hata awe na njaa namna gani hataingia shimo ambalo mwanamke amelikalia.

Asubuhi iliyofuata alichukua mkeka wake akaenda kukaa kwenye mlango wa shimo. Alikaa miguu yake ikining'inia ndani. Vijana walipofika na taa zao vichwani wakasimama kwa mbali kama waliomkuta nyoka. Mmoja akamtukana. Mwingine akamwomba. Mama Aziza akaja na kiti chake kidogo, akaketi upande wa pili wa mlango, akatoa tasbihi yake. Mchana wakaja wanawake wengine wa majini, wale wasuguaji na wale wagonjwa walioweza kutembea, na mmoja aliyebebwa. Clovis alisimama pale akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuthubutu kuwagusa, maana nusu ya vijana wake walikuwa wamesuguliwa migongo na mikono ile.

Katembo alichuchumaa mbele ya shemeji yake. "Toka, nakuomba. Watu hawa wana hasira. Watakuumiza."

"Waniumize."

"Yeye amekufa, shemeji. Sisi tunataka kula."

Neno lile lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli, na alijua njaa ya machimboni ilivyo. Lakini hakuinuka. "Kuleni pengine," akasema. "Msitu ni mukubwa."

Wakakaa siku nyingine, na nyingine. Mvua iliwanyeshea, wakajifunika turubai. Mwishowe chifu akaja, wakaitwa watu, yakasemwa mengi, na ikaamuliwa shimo lile lifungwe, Clovis achimbe ng'ambo ya kijito. Wanawake wakapiga vigelegele. Cadette alirudi nyumbani, akalala usingizi mzito.

Lakini shimo halikufungwa. Vijana waling'oa vyombo vyao wakavuka kijito, na kuhusu kujaza udongo kila mmoja akaona ni kazi ya mwenzake. Chini ya kikanisa palibaki wazi. Mvua za mwezi ule zilikuwa za kupasua nchi.

Ilikuwa alasiri. Cadette alikuwa majini, ameshika mgongo wa mwanamke mmoja wa Wamaza, akasikia mlio kama gari lililomwaga mawe. Wote wakageuka kuelekea msituni. Ndege walikuwa wameruka juu ya miti. Alikimbia alivyo, kikwembe kimelowa kikimnasa miguuni.

Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama, na mlango wa Paluku uko wazi. Ukipita mlango hakukuwa na kitu. Sakafu ilikuwa imekwenda, altare imekwenda, ukuta uliopinda umekunjamana ndani ya shimo pamoja na mabati na mabenchi, na nyuma yake, pale palipokuwa na msalaba wa mbao, palikuwa na ukingo mwekundu unaoendelea kumeguka vipande vipande na kutumbukia. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia humo kwa sauti. Hakuna mtu aliyeumia. Hakukuwa na mtu chini. Kama wanawake wasingekaa kwenye mlango ule, kungekuwa na vijana wengi chini siku hiyo, na Katembo wa kwanza wao.

Katembo alivuka kijito mbio na wenzake. Alipoona, alivua shati.

"Leteni kamba," akasema. "Nitashuka. Nilimutoa mara ya kwanza, nitamutoa tena."

Alikuwa tayari amefika ukingoni, udongo unakatika chini ya miguu yake. Cadette alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Acha."

"Shemeji, siwezi kumuacha humo! Humo ndimo alimoogopa maisha yake yote!"

"Mara ya kwanza alikuwa anakuita," Cadette akasema. "Sasa haiti, Katembo. Acha."

Katembo alikaa chini kwenye tope akalia kama mtoto, mdomo wazi. Cadette hakulia. Alibaki amemshika mkono, kama ambavyo angemshika mwanawe kama Mungu angempa mtoto, na mvua ikaendelea kuwanyeshea wote wawili. Mama Aziza alifika polepole na fimbo yake. Aliangalia kazi ya babu yake ndani ya lile shimo, akasema maneno ya msiba kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, akayarudia.

Walijaza shimo lile kwa mikono. Hata Clovis alituma vijana wake, na yeye mwenyewe alibeba udongo, hakumtazama mtu. Wanawake walibeba kwa mabeseni yao ya kuogeshea. Padri akaja kutoka parokiani akasoma misa mahali pale, watu wamesimama kwenye udongo laini, viatu vikizama. Akamwuliza Cadette anataka msalaba uwekwe wapi. Cadette aliangalia huku na huku. Mtu hakuweza kusema Paluku amelala upande gani, kama yuko karibu na altare au chini ya mabati. Akasema wasiweke.

Sasa kuna kanisa la mbao na mabati kando ya barabara, lililojengwa na waumini. Pikipiki zinapita na kelele zao katikati ya mahubiri. Cadette huenda Jumapili, anakaa nyuma, anatoka mapema. Katembo alirudi Salamabila. Hachimbi tena, anabeba abiria kwa pikipiki ya mtu, na kila anapopata mgonjwa wa Leba anamleta bila kubishana nauli, analala kwenye kibaraza, anakata kuni za shemeji yake, anaondoka. Hawazungumzi sana. Macho ya Mama Aziza yanafifia, na Cadette ndiye anayesugua wagonjwa wake wote.

Ardhi ya msituni haijatulia. Kila msimu wa mvua inadidimia kidogo, panabaki kibonde chenye maji. Mvua zikipungua, Cadette anabeba beseni la udongo kichwani, anapita njia ile ya nyuma ya chemchemi, anamwaga, anasawazisha kwa mguu, anarudi kuchukua lingine.